Uzi: Kukodishana na kuazimana vyombo vya muziki hapa Tanga, tukabidhiane vipi bila kuharibiana?

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kuna jambo sisi wapigaji wa Tanga tunalizungumza vijiweni kila siku na hatujawahi kulimaliza: kukodishana na kuazimana vyombo, mtu kwa mtu, nje ya maduka na nje ya wale wenye biashara ya muziki wa sherehe.

Vyombo ni vichache, wenye kuvihitaji ni wengi. Kuna kijana Makorora anapiga kinanda kumshinda mwenye kinanda, ila cha kwake hana. Kuna kikundi cha maulidi kina sauti tamu, matari mawili yamepasuka na Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, ndio huo unaingia. Na kuna nyumba Chumbageni gitaa zima limelala juu ya kabati tangu aliyelinunua ahamie Dar. Mji huu ulitoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ukatoa Black Star na Lucky Star kwenye taarabu. Wapigaji wengi wa zama zile hawakuwa na chombo chao wenyewe. Vyombo vilikuwa vya bendi au vya klabu, ukitoka bendi unaliacha gitaa. Leo vyombo vimetawanyika majumbani. Tusipokopeshana, vitakufa kwa vumbi huku vipaji vikifa kwa kukosa cha kushika.

Ninachoamini mimi ni hiki: chombo kikiharibikia kwa mtu, mara nyingi si ubaya wa mtu. Alipewa chombo, hakupewa matunzo yake. Mwenye chombo ana mambo kumi kichwani, hasemi hata moja. Anayechukua anaona haya kuuliza asije akaonekana hajui. Wanaagana mlangoni kwa salamu nzuri, na ugomvi umeshazaliwa hapo hapo.

Chukueni kinanda. Adapta za Casio nyingi za zamani ni za volti 9 na ncha ya katikati ni hasi. Za Yamaha, vile vinanda vya kawaida, ni volti 12 na katikati ni chanya. Pini inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu lisilo lake. Mtu kafika ukumbini, adapta kaisahau nyumbani, anaazima ya jirani, anachomeka, kinanda kimekufa kabla ya bibi harusi kuingia. Pembeni ya tundu la umeme kuna kimchoro cha duara na alama za kujumlisha na kutoa, na hicho ndicho cha kumwonyesha mtu kwa kidole: "Unaona hapa? Adapta isiyofanana na hii, usiichomeke." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja. Halafu adapta ifungwe na kinanda chake kwa kamba au kwa gundi ya karatasi, visiachane.

Jambo jingine la kinanda ni sauti na midundo uliyoihifadhi ndani. Mpigaji wa taarabu hukaa miezi akitengeneza midundo yake. Anayekikodi akakuta kimejaa, anafuta ili apate nafasi ya kuweka vyake, na yeye haoni kosa kwa sababu kinanda kimerudi kizima. Hamishia kila kitu kwenye flashi kabla hakijatoka, na umwambie nafasi yake ni ipi.

Kwenye vyombo vya mbao ni hatari zaidi, na Tanga yetu ina joto, ina unyevu, ina upepo wa chumvi. Udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, una uso wa ubao mwembamba na nyuzi kumi na moja zinauvuta mchana na usiku. Ukiufungia ndani ya gari pale Uhuru Park saa saba mchana, gundi inalegea na kile kipande kinachoshika nyuzi kinaanza kunyanyuka. Akodiani ndiyo usiseme: vijiulimi vyake vya chuma vimeshikizwa kwa nta. Joto la buti la gari linatosha kuilainisha, vijiulimi vikahama, na fundi wa kuvirudisha humpati kirahisi. Fidla ukimpa mtu asiyeizoea, mwambie asilegeze nyuzi zote kwa pamoja. Daraja lake, kile kibao kinachobeba nyuzi, halikugundishwa, linasimama kwa mkazo wa nyuzi tu, na ndani kuna kijiti kinachosimama kwa mkazo huo huo. Kikianguka, fidla inatoa sauti ya kopo. Na uta, ile fimbo ya kupigia, ulegezwe kila baada ya kupiga.

Haya ndiyo ninayoyaita matunzo. Naomba kila mwenye uzoefu, aliyekodisha na aliyekodi, aongeze hapa. Mwisho nataka tupate karatasi moja fupi ambayo mtu yeyote ataitumia.

Mzee wa Besi

Mwanangu, umesema vizuri, ila mimi nina kanuni yangu na haijawahi kuniangusha. Chombo changu hakitoki peke yake. Besi ikitoka, naondoka nayo. Unataka besi, unanichukua na mimi, au unamchukua mwanangu akae pale mpaka shughuli iishe. Shughuli za mtaani nazijua. Maturubai yamefungwa Mabawa, jenereta linapanda na kushuka, wapambe wanakuja kuwatunza wapigaji fedha na soda mkononi. Nani atakilinda chombo kama mwenyewe hayupo?

Mwana Ngamiani

Shikamoo mzee. Kwa usiku wa shughuli nakubaliana nawe moja kwa moja, na ningependa hata iwe desturi kwamba bei ya usiku inamhusu na msimamizi. Soda ni adui mkubwa kuliko mvua, maana maji yakikauka yameisha, sukari inabaki chini ya vibonye na kuvinatisha. Ikimwagika kwenye kinanda, mtu akizime, atoe betri, akigeuze kifudifudi kiwe kinachuruzika, na asiwashe "kujaribu kama kipo hai". Ule ujaribuji ndio unaounguza.

Lakini mzee, kuna anayetaka kujifunza. Anahitaji kinanda mwezi mzima, kila jioni, chumbani kwake. Huyo huwezi kumwekea mtu wa kumlinda. Tukisema chombo kisitoke bila mwenyewe, tumemfungia nje, na huyo ndiye atakayepiga sisi tukishachoka.

Mzee wa Besi

Marhaba. Hapo umenipata. Mwanafunzi ni jambo jingine. Basi huyo alete mzazi au mlezi wake, tukabidhiane mbele yake.

Binti Sahare

Nashukuru kwa uzi. Naomba niseme kwa upande wa anayeazima, maana kila siku tunaonekana sisi ndio waharibifu.

Wenye vyombo wengine hawasemi ubovu. Nilikodi fidla kwa mtu, sitamtaja. Nyuma ya pale kidevu kinapokaa kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezibwa kwa gundi ya kawaida ya dukani. Hali ya hewa ilipobadilika ukafunguka. Ikawa mimi ndiye niliyeiangusha. Sikuwa na picha, sikuwa na shahidi, nikalipa. Tangu hapo sichukui chombo bila kukipiga mbele ya mwenyewe, nyuzi moja moja, na kukigeuza huku na huku kwenye mwanga wa jua. Ukiikagua fidla ndani chini ya taa ya njano ufa hauuoni. Itoe barazani, iinamishe, mwanga upite kwa ubavu, hapo utaona kila mshono.

Na wenye vyombo msikasirike tukikagua. Mtu akikagua chombo chako jua anakiheshimu.

Mwana Ngamiani

Dada, hili naliweka juu kabisa. Kukagua pamoja, nje, mchana. Asiyetaka chombo chake kikaguliwe asikikodishe.

Gitaa la umeme nalo lina vyake vya kukagua. Chomeka kebo, halafu itikise kidogo pale inapoingia kwenye gitaa. Ikikwaruza, tundu limelegea, liandikwe. Zungusha kitasa cha sauti toka mwanzo hadi mwisho. Bonyeza kila nyuzi kila pingili ya shingo, usikilize kama kuna inayovuma vibaya. Matarumbeta nayo msiyasahau, Tanga hii harusi bila tarumbeta haijakamilika. Vali, vile vibonye vya vidole, zishuke na kupanda zenyewe zikiwa na mafuta yake, na mdomo wa tarumbeta utoke kwa mkono. Ukikwama peleka kwa fundi mwenye kifaa chake. Ukiuvuta kwa koleo, unakunja lile bomba la mbele. Na kila mpigaji awe na mdomo wake, ni suala la afya.

Ustadhi wa Duga

Assalaam alaykum. Naingia kidogo kwa upande wa matari na madufu ya maulidi, maana ndiyo yanayoazimwa zaidi kuliko vyote, na watu wanadhani kwa kuwa yameazimwa bure basi hayana hesabu.

Ndugu zangu, wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Humo kitu cha kuazima bure kina dhamana kwa aliyeazima. Kikipotea au kikiharibika mkononi mwake analipa thamani yake, hata kama hakuzembea. Kinachosamehewa ni kile kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Aliyekodi kwa malipo hali yake ni nyepesi zaidi. Yeye ni mwaminifu juu ya kitu kile, halipi mpaka ithibitike amezembea au amevuka mpaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoazima deraya (mavazi ya chuma ya vita) kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, alimhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana.

Maana yake kwa kikundi chetu ni hii: ukiazima tari bure, umebeba mzigo mkubwa kuliko aliyelipa. Na huna ruhusa ya kumwazima mwingine bila idhini ya mwenyewe. Tari likitoka Duga likaonekana Pongwe, aulizwe aliyelitoa.

Mwana Ngamiani

Waalaykum salaam ustadhi. Mungu akulipe, hili wengi hatukuwa nalo. Watu wanaona bure ni wepesi, kumbe ndiko kwenye uzito.

Na ngozi ya tari ina matunzo yake. Usiku ukipoa na unyevu wa bahari ukaingia, ngozi inalegea, tunaipasha moto. Ipashwe kwa mbali, tari likizungushwa, mkono uwe karibu nalo: mkono ukiungua, na ngozi inaungua. Likishapigwa lisirudishwe karibu na moto "likae tayari", hapo ndipo linapopasukia. Na asubuhi lisianikwe juani.

Wakili wa Mtaa

Wakuu, sheria ya nchi nayo ina neno hapa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inazungumzia mtu kukabidhi mali yake kwa mwingine kwa makusudi maalumu, ili irudishwe kazi ikiisha. Nitaeleza kwa kifupi yanayogusa uzi huu.

Anayeshika mali ya mwenzake anatakiwa kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Akifanya hivyo na bado ikaharibika, hawajibiki, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Sasa mtaona hapo inapotofautiana na alichosema ustadhi, na ndiyo maana mnatakiwa kukubaliana wazi mnafuata lipi.

Akiitumia kinyume na makubaliano, anawajibika kwa uharibifu uliotokana na matumizi hayo. Ulikodi kwa mazoezi ya nyumbani, ukakipeleka kwenye ngoma ya mdundiko mtaani, umebeba kila kitakachotokea huko. Na muda ukipita hujarudisha kwa kosa lako, hasara inayotokea baada ya hapo ni yako.

Mwenye mali naye amefungwa. Lazima aseme ubovu anaoujua. Na kama amekodisha kwa malipo, anawajibika kwa madhara ya ubovu hata ule ambao hakuujua. Kwa hiyo Binti Sahare, ufa ule haukuwa wako.

Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Tatizo ni ushahidi siku mkifika kwa mwenyekiti wa mtaa au Mahakama ya Mwanzo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Binti Sahare

Nimekusoma wakili. Ningelijua mapema.

Mpiga Zeze Bagamoyo

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Huku tangu Chuo cha Sanaa kianze mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), mji umejaa wapigaji, na kuazimana ni maisha ya kila siku. Wakati wa tamasha ndiyo hatari, kila mtu anataka ngoma ya mwenzake kwa wakati mmoja.

Nina ombi moja kwa wanaoazima marimba za mkono, zile za Kigogo alizozipeleka dunia nzima marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi hapa Bagamoyo. Usisogeze vile vyuma! Mtu anaichukua, anakuta hailingani na kinanda cha bendi yake, anachukua nyundo ndogo anasukuma vyuma mbele na nyuma mpaka vilingane. Kwake ametyuni. Kwa mwenyewe ameondoa mpangilio wa sauti alioupata kwa mwalimu wake, na kuurudisha kwa sikio ni kazi nzito. Kama sauti hazilingani, kinanda ndicho kina kitufe cha kushusha na kupandisha. Kishushwe hicho.

Na vile vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, visifutwe kwa kudhaniwa ni uchafu. Ndio unaoipa marimba ule mvumo wake. Nimeshuhudia mtu akisafisha kwa nia njema kabisa, kwa kitambaa chenye maji.

Mwana Ngamiani

Mkuu, umenigusa. Wema bila kuelezwa ndio unaoharibu. Kwa hiyo karatasi iwe na mahali pa kuandika "usiguse".

Kijana wa Usagara

Wakuu, bei mnazipangaje? Kila mtu ana yake. Mwingine anakudai kama anakuuzia.

Mwana Ngamiani

Mimi naanzia kwenye chombo chenyewe. Tuseme kinanda kimenunuliwa kwa 1,000,000. Mwenyewe akikadiria kwamba kikitoka kwenye shughuli mara 50 kitakuwa kimechoka, basi kila kikitoka kimekula 20,000 za mwili wake kabla hajapata senti ya faida. Juu ya hiyo anaweka usafiri, msimamizi na chake. Akitoza chini ya hapo anakula mtaji bila kujua. Akitoza mara tano, vijana watamkimbia, na wana haki.

Mwezi wa mwanafunzi usitozwe kwa hesabu ya shughuli. Kinanda kinachopigwa chumbani hakichoki kama kinachobebwa kwenye bajaji usiku. Hapo mimi huchukua kidogo, na nyuzi au betri zinakuwa juu yake. Nyuzi za gitaa kwa chumvi ya hapa zinashika kutu upesi, kwa hiyo asilaumiwe kwa kutu. Arudishe na nyuzi mpya au alipie, yaishe.

Dhamana ya fedha iwepo, hata ndogo, na irudishwe siku ile ile chombo kinaporudi. Kukaa na fedha ya mtu wiki nzima "nikague vizuri" ni kuvunja imani. Kitambulisho chake msikizuie, pigeni picha mrudishieni.

Mzee wa Besi

Mnaokodi kwa ajili ya harusi nanyi, lipeni kabla. Kukopa harusi kulipa matanga. Shughuli ikishaisha kila mtu amechoka na fedha imekwisha.

Mwana Ngamiani

Kweli kabisa mzee. Sasa karatasi ndiyo hii, nimeifupisha iingie kwenye ukurasa mmoja. Mtu aiandike kwa mkono, nakala mbili:

"Leo tarehe ___ mimi ___ nimemkabidhi ___ chombo hiki: (aina, rangi, namba iliyopo kwenye mwili wake). Pamoja nacho: (adapta, kebo, begi, uta, risha na vinginevyo). Tumekikagua pamoja mchana na kukipiga. Ubovu tuliouona: ___. Picha zimepigwa, kila mmoja anazo.

Kimetolewa kwa: mazoezi / shughuli, mahali ___. Kinarudi tarehe ___ kabla ya saa ___. Malipo: ___ au bure. Dhamana: ___.

Kinachochakaa kwa matumizi: ___, atabadilisha ___. Kikiharibika bila uzembe, tutafanya hivi: ___. Kikipotea au kikiharibika kwa uzembe, thamani tuliyokubaliana leo ni ___.

Matunzo niliyoelezwa: ___. Kisichoguswa: ___.

Sahihi zetu, na shahidi mmoja."

Ile sehemu ya matunzo aiandike anayechukua, kwa mkono wake na kwa maneno yake. Akiandika mwenye chombo, mwenzake anatia sahihi bila kusoma. Akiandika mwenyewe, utaona hapo hapo kama ameelewa.

Wakili wa Mtaa

Iko vizuri. Sehemu ya "bila uzembe" msiiache tupu hata siku moja, ndiyo itakayoamua kama mnakwenda kwa njia ya ustadhi au ya sheria. Na ongeza sentensi moja: asimpe mtu mwingine wala kukiweka bondi. Vyombo vingi vinavyopotea haviibwi, vinawekwa bondi kwa mtu ambaye hajui kuwa si mali ya aliyeleta.

Mwana Ngamiani

Nimeongeza, ipo chini ya tarehe ya kurudi. Ustadhi, kwa matari ya kikundi tumwandike nani kuwa ndiye aliyechukua, kiongozi au kila mpigaji?

Ustadhi wa Duga

Mwandike mtu mmoja kwa jina lake, aliyeyapokea mkononi. Ukiandika kikundi, siku ya kuulizwa hakuna atakayeitika.